Kijana wa skrapu unayetaka siasa, kabla hujachapisha mabango

Wiki iliyopita kuna kijana kaniandikia. Kwao Bujumbura, sahizi yuko Nakuru, ana yadi ya chuma chakavu na anasema vijana wa mtaani kwake wanamkubali balaa. Shikamoo mzee, kasema, na mimi nataka kuwania uwakilishi wadi 2027, nianzie wapi? Halafu chini kaniwekea bango lake. Kavaa suti ya bluu, mikono kaikunja kifuani, nyuma bendera ya Kenya, na swali lake kubwa ni moja tu, maandishi yawe ya kijani ama ya manjano.

Nilicheka peke yangu kama mwehu halafu nikanyamaza, manake lile bango nalijua. Ninayo ya kwangu, katoni tatu ziko stoo na mbili hazijafunguliwa hata utepe, na mke wangu, Mama Rama, akihitaji kitu cha kutandika chini ya vifaranga huwa anaenda kuchomoa mawili matatu. Unaingia bandani asubuhi unajikuta unatabasamu chini ya kinyesi cha kuku. Kwa hivyo kijana wangu, na wengine wote mnaonitumia meseji za aina hii, nisikilizeni, mimi hizi habari sikuzisoma mahali, zimenipata mwilini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Niliingia Kenya 1994 kupitia Lungalunga, na mkoba mmoja na anwani ya mjomba wangu Mombasa ambaye nilipofika nikaambiwa kahama mwaka mzima uliopita. Nikakodi mkokoteni. Asubuhi natoka Changamwe, napita Mikindani, nafika mpaka Miritini, naimba chuma kuukuuu, betri mbovuuu, na kina mama wananitolea masufuria yaliyotoboka na fremu za baiskeli. Elimu yangu ya biashara nilipewa na mzee mmoja mwenye yadi, aling'oa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa akanirushia, akasema hii ikinata ni chuma, isiponata simama kwanza ufikiri. Ndo chuo kikuu changu hicho. Kwa sababu isiponata inaweza kuwa alumini, inaweza kuwa shaba nyekundu, inaweza kuwa shaba ya manjano, na tofauti ya bei hapo ni ya mtu kulala njaa na mtu kujenga. Unakwaruza kidogo kwa tupa uone rangi ya ndani, unaupima uzito mkononi, ukiletewa koki za maji unazifungua moja moja manake ndani kuna kipande cha chuma na anayekuuzia anajua fika kipo. Na baada ya yote hayo bado unaweka kwenye mizani. Mimi sikuwahi kununua kwa macho, hata kwa ndugu yangu. Gramu ni gramu.

Yadi yangu mwenyewe nilifungua 1999. Miaka iliyofuata nairuka, ni kununua na kuuza, kununua na kuuza, hakuna hadithi hapo. Ila 2008 lazima niitaje. Watu wengi hawajui kwamba bei ya shaba ya kwenye yadi ya mabati hapa Changamwe inafuata soko la metali la London, soko lililoanza 1877, London ikipiga chafya sisi huku tunatafuta leso. Katikati ya 2008 shaba ilikuwa imepita dola 8,000 kwa tani na mimi nilikuwa na magunia yamepangwa mpaka darini. Mama Rama akasema uza. Nikasema ngoja ifike elfu kumi. Kufika Disemba ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 3,000, ule mdororo wa dunia nzima mnaukumbuka, na mimi niko na magunia yangu nayatazama kama maiti ya jamaa. Niliuza nikiwa nalia, na sioni haya kusema.

Sasa hapa kuna jambo sijawahi kuliandika popote, na kijana utalihitaji manake ukiingia siasa watalichimbua. Usiku mmoja, saa nne imepita, kuna jamaa kaniletea gunia la shaba iliyochomwa. Nyaya zilikuwa bado na vuguvugu, jivu la plastiki linanata vidoleni, na ile harufu ukishaijua haikutoki puani. Nilijua ni za wizi. Mtu wa skrapu akikwambia hakujua anakudanganya. Nikapima, nikalipa, nikalala. Kesho yake jioni mtaa wote hauna umeme, na yangu nyumba ikiwemo, wanangu wanasoma kwa mshumaa siku nne, na mimi nimekaa pale gizani najua kabisa kwamba hili giza nimelinunua mwenyewe kwa kilo. Tangu siku hiyo ikawa daftari mlangoni, jina, namba ya kipande, umetoa wapi, na nilianza hivyo kabla hata Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 haijaja kututaka leseni na kumbukumbu. Nashukuru Mungu niliacha, lakini kuacha sio kufuta, na 2022 kwenye kampeni kuna mtu alisimama jukwaani akaniita mwizi wa nyaya na sikuwa na la kumjibu.

Haya, uraia. Mke wangu ni Mdigo wa Msambweni, tulioana 2003. Wengi hawajui kwamba kwa katiba ya zamani mwanamke mgeni akiolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuandikishwa uraia, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na haki hiyo, yani mimi ningeweza kuoa pale nikazeeka pale nikazikwa pale na bado ni mgeni. Katiba ya 2010 ndo ikalibadilisha, kifungu cha 15, miaka saba ya ndoa kwa mume au mke sawasawa. Nikaomba. Makaratasi yakaenda yakarudi, yakaenda yakarudi. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, nilijua nikiuchukua huku nauachia kule, na mama yangu Tanga alipojua aliuliza kitu kimoja tu, sasa nikifa utakuja kwa pasipoti? Cheti kilitoka tarehe 20 Septemba 2012. Hiyo tarehe ishikeni.

Siasa sikuitafuta, ilinifuata kwa sababu ya lori. Ukiwa na Canter mtaani wewe ni mwanasiasa hata hujasema neno. 2013 lori langu lilibeba spika za mtu, 2017 likabeba spika za mtu mwingine, mafuta yangu, dereva wangu, na fulana nimechangia. Wote wawili waliniita ndugu mpaka siku ya matokeo. Yule wa pili nilimpigia simu mara kumi na moja kumwambia mtaro wetu umeziba, hakushika. Ndo nikasema kumbe mimi najenga watu wakati naweza kujijenga mwenyewe, na vijana wa mikokoteni wakasema mzee ingia sisi tuko nyuma yako. Kijana wangu ukisikia watu wako nyuma yako geuka uangalie kama wapo.

Mwaka wenyewe wa 2022 ulianza na nuksi. Tarehe 11 Januari umeme ukakatika nchi nzima, minara ya ile laini kubwa ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, ikasemekana wezi wa vyuma wameifungua, na tarehe 20 biashara yote ya skrapu ikapigwa marufuku. Yadi nikafunga. Wafanyakazi kumi na wawili nikawaambia nendeni nyumbani. Mtu mwenye akili hapo angetulia, mimi nikaona ni ishara, nikauza Canter nikaingiza pesa kwenye kampeni, mabango, fulana, maji ya chupa, matanga ya watu nisiowajua. Marufuku ilipoondolewa miezi michache baadaye sikuwa hata na lori la kurudia kazi. Lakini mchujo wa chama nilishinda! Hilo hakuna wa kuninyang'anya, mtoto wa Tanga wa mkokoteni kabebwa mabegani Changamwe usiku mzima, na nikikumbuka mpaka sasa kifua kinapanda.

Halafu ikafika siku ya kupeleka makaratasi tume ya uchaguzi. Nje kuna ngoma na kina mama wamevaa leso za sare. Ndani kuna dada mmoja wa makamo na miwani, kasoma kila kitu pole pole, ada silingi elfu tano ipo, fomu zipo, halafu kashika cheti changu cha uraia kakitazama muda mrefu. Kifungu cha 193 cha Katiba kinasema huwezi kuchaguliwa mjumbe wa bunge la kaunti kama hujawa raia kwa angalau miaka kumi kabla ya tarehe ya uchaguzi. Mimi hicho kifungu nilikijua! Nilishapiga hesabu yangu tangu zamani, 2012 mpaka 2022 ni kumi, imekwisha. Yule dada akachukua kalenda ya ukutani akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye tarehe 9 Agosti akaanza kuhesabu kwa ncha ya biro, Agosti yote ikaisha, akafungua ukurasa wa Septemba, akafika ishirini. Akaandika pembeni kwa herufi ndogo, 42. Siku arobaini na mbili. Wala hakunikaripia, alisema pole mzee, na nje ngoma bado inalia hawajui kitu.

Tiketi akapewa mwingine, sitaki hata kuanza habari za yule wa chama aliyepokea pesa zangu zote na nakala ya cheti changu anayo tangu Februari. Mungu anamwona. Kilichoniuma zaidi ni usiku ule nyumbani, Mama Rama kaniwekea chai hakusema kitu mpaka nimalize kikombe, halafu akasema, "Baba Rama, shaba unaipima mpaka gramu, siku zako ukazipima kwa macho."

Sikuwa na jibu wakati ule na sina leo.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni makaratasi. Wa pili pia ni makaratasi. Tafuta tarehe iliyoandikwa kwenye cheti, sio mwaka, TAREHE, na uihesabu mpaka siku ya kura yenyewe, na uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano kwa hivyo siku unaijua mapema huna kisingizio. Mwenye uraia wa nchi mbili pia afahamu kwamba kifungu cha 78 hakimruhusu kushika cheo cha dola akiwa nao wote. Kama chama hukiamini unaweza kuwa mgombea huru, unatakiwa wapiga kura 500 wa wadi wakuunge mkono, lakini miaka kumi iko palepale, haina mgombea huru. Na usinunue mali ya usiku. Na weka makaratasi, nimeshasema eeh?

Mwanangu Rama ndo anapenda kusoma, kipindi kile sitoki nje alinisomea habari za Ernest Oppenheimer. Alikuwa Mjerumani, muuza almasi, London alianza kazi na miaka 16, akatumwa Kimberley Afrika Kusini 1902, uraia wa Uingereza alishaupata 1901. Mwaka 1912 akawa meya wa mji. Halafu vita vya kwanza vikaja, 1915 Wajerumani wakaizamisha ile meli ya Lusitania na watu Kimberley wakawageukia wenye majina ya Kijerumani, meya wao mwenyewe akajiuzulu akaondoka na familia. Na alishakuwa raia kwa miaka kumi na nne huyo! Alirudi, 1917 akaanzisha kampuni ya migodi ya Anglo American, 1924 akaingia bunge kwa tiketi ya Kimberley ileile na akakaa mpaka 1938. Sijilinganishi naye, utajiri wake na watu waliochimba chini kwa ujira ule ni mambo mengine na sio mtu wa kusifu kila kitu. Ila nilipenda kwamba alirudi palepale. Nyie vijana mnaoitwa Mbongo, Mrundi, Mkongo, kila siku mtakumbushwa, hata anayekuomba nauli atakukumbusha, na dawa yake sio kununua fulana nyingi zaidi. Mlipe mfanyakazi wako, zibua mtaro bila kamera, ibada usiiache, mheshimu mkeo akikwambia uza.

Mimi 2027 nipo, tarehe 10 Agosti, siku zangu nimehesabu na Mama Rama kahesabu tena nyuma yangu. Yadi imerudi, ndogo, lori bado la kukodi.

Yule kijana wa Nakuru nilimuuliza juzi, cheti chako kimeandikwa tarehe ngapi? Kakaa kimya siku mbili. Leo wakati naandika hapa meseji ikaingia: "Cheti bado mzee, natumia kadi ya mgeni, lakini kuna mtu ananisaidia." Nimechukua kalenda. Hata akikabidhiwa cheti kesho asubuhi uchaguzi wake wa kwanza ni wa 2037. Kaniuliza tena, kijani ama manjano, na mimi nimeandika nikafuta mara tatu, mwisho nikamjibu manjano.