Maswali ya Wasomaji: Seti Ndogo ya Drili na Impakti za Betri

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala wa Morogoro. Kazi zangu nyingi ni makabati ya jikoni na ya nguo, na mara mojamoja hupanda juu kupiga mabati. Kwa miaka mingi nimetumia drili ya waya, lakini siku hizi wateja wananiita kwenye nyumba ambazo bado hazijaunganishiwa umeme. Nilikwenda Kariakoo kutafuta seti ya drili na impakti (mashine ya kukazia skrubu kwa mapigo) za betri. Duka la kwanza walinionyesha ya volti 12, la pili ya volti 18, la tatu ya volti 20, na la nne wakatoa iliyoandikwa 48V, ambayo bei yake ilikuwa chini kuliko zote. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu fundi, tuanze na hiyo ya 48V, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumaliza fedha zako bila faida. Seli moja ya lithiamu inayotumika katika mashine hizi huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika karibu volti 4.2. Seli tatu zikifuatana hutoa volti 10.8, ambazo kampuni nyingi huziandika kuwa 12. Seli tano hutoa volti 18, na hizo hizo tano zikiwa zimejaa hukaribia volti 20 au 21. Ndiyo sababu betri ya DeWalt inayouzwa Marekani kwa alama ya 20V MAX huuzwa Ulaya kwa alama ya 18V, ilhali kilichomo ndani ni kilekile. Kwa hiyo duka la pili na la tatu walikuonyesha volti zilezile chini ya namba mbili tofauti. Ili kupata volti 48 za kweli zingehitajika seli zipatazo 13 zilizofuatana, na betri inayoenea kiganjani haina nafasi ya kuzibeba. Ukiona betri ndogo yenye umbo la seli tano imeandikwa 48, 88 au 128, mara nyingi ikiwa na herufi VF baada ya namba hiyo, ujue kwamba namba hiyo haipimi volti. Imewekwa ili kumvutia mnunuzi, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanaoumia zaidi ni vijana wanaonunua mashine yao ya kwanza.

Baada ya volti, tazama ampea-saa, zinazoandikwa Ah kwenye betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, ambazo ndizo akiba halisi ya nishati iliyomo. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36, yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90, na ile inayoitwa ya volti 12, yenye ampea-saa 2, ina wati-saa 21.6 tu. Hapa pia wapo wanaodanganya, na shahidi mzuri ni mizani. Seli ya kawaida, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi, na katika mashine za kazi kwa kawaida hubeba kati ya ampea-saa 1.5 na 3. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 iliyotengenezwa kwa seli hizo lazima iwe nazo kumi, yaani gramu 450 kabla hujahesabu ganda na waya. Zipo seli nene zaidi, za milimita 21 kwa 70, ambazo moja hufika ampea-saa 4 au 5, lakini nazo zina uzito wa gramu 70 hivi kila moja. Betri inayodai kuwa na ampea-saa 6 huku uzito wake ukiwa gramu 300 haina kile inachodai. Omba uipime hata kwenye mizani ya duka la nafaka la jirani kabla ya kulipa. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa.

Sasa kati ya 12 na 18. Fundi anayefanya makabati peke yake anatoshelezwa kabisa na seti ya volti 12 ya kampuni inayoaminika, kwa sababu ni nyepesi, inaingia ndani ya kabati ambamo mkono hauna nafasi ya kujipinda, na inakaza skrubu ya milimita 4 kwa 50 bila shida. Wewe unafanya kazi ya mabati pia, na bila shaka mara nyingine unaunganisha mninga au mkongo kwa skrubu ndefu. Kwa hiyo nakushauri uchukue ya volti 18, lakini ile fupi yenye mota isiyo na kaboni, na uitumie na betri ya ampea-saa 2 unapokuwa kwenye makabati. Mota isiyo na kaboni haina vipande vya kusuguana na kuisha, haipati joto sana, na kwa betri ileile hufanya kazi nyingi zaidi. Tofauti ya bei inarudi kwa mtu anayeitumia mashine kila siku.

Jambo ambalo barua yako haikuligusa, na ambalo ningependa ulielewe vizuri, ni kwamba mashine mbili za seti hiyo hazifanyi kazi moja. Drili ina taya tatu zinazobana biti ya mviringo, hadi milimita 10 kwa zile ndogo na hadi 13 kwa nyingine, ina gia mbili, na ina pete yenye namba ambayo ni klachi. Unapokaza skrubu na nguvu ikafika kiwango ulichochagua kwenye pete hiyo, klachi inaachia kwa mlio wa kukatakata na skrubu inabaki pale ilipo. Impakti haina klachi ya namna hiyo. Ina tundu la pembe sita lenye upana wa milimita 6.35, na nyuma ya tundu hilo kuna nyundo iliyosukumwa na springi. Skrubu ikigoma, nyundo inarudi nyuma, inaukwepa mhimili wa mbele, kisha springi inaisukuma igonge upande, mara elfu tatu na zaidi kwa dakika. Kwa kuwa nguvu inatoka kwa mapigo, mkono hausokotwi kama unavyosokotwa na drili, na mashine ya kimo cha kiganja inaweza kufikia newton-mita 100 na zaidi, wakati drili ndogo ya volti 18 mara nyingi iko kati ya 30 na 60.

Chukua mfano wa bawaba za kabati, kazi unayoifanya kila wiki. Tundu la kikombe cha bawaba ni la milimita 35, na kina chake ni milimita 12 au 13 katika ubao wa milimita 18, kwa hiyo chini kunabaki ubao mwembamba sana. Hiyo ni kazi ya drili, kwenye gia ya kwanza, ukiibana kwa utulivu hadi biti ifike kina bila kutokeza upande wa pili. Skrubu mbili ndogo za bawaba hiyo nazo ni za drili, huku klachi ikiwa kwenye namba ya chini. Ukizikaza kwa impakti katika ubao wa unga wa mbao, kabla hujaachilia kidole skrubu inakuwa imeshakata njia yake na inazunguka bure, na bawaba itaning'inia mwaka haujaisha. Impakti ilete wakati wa kuunganisha kabati na kabati, wakati wa kufunga fremu ukutani, na wakati wa skrubu ndefu za mbao ngumu. Na hata hapo, katika mninga, tanguliza tundu dogo kwa drili, kwa maana nguvu ya impakti inaweza kuukata mwili wa skrubu na kukuachia nusu yake ndani ya mbao.

Kwenye mabati, skrubu zenye kichwa cha pembe sita cha milimita 8 zinakwenda vizuri sana na impakti. Acha kukaza mara tu mpira ulio chini ya kichwa unapoanza kutuna kidogo pembeni. Ukizidi hapo mpira unapasuka, na mvua za masika zitakuonyesha kila tundu.

Biti nazo zina mambo yake. Fundi wengi wana nyota moja wanayoitumia kwa kila skrubu, na ndiyo sababu vichwa vinaliwa. Skrubu za dari za jipsamu zina nyota ya kawaida, ambayo biti yake imeandikwa PH2. Skrubu nyingi za makabati zina nyota yenye mistari minne myembamba kati ya mikono yake, na hizo zinataka biti iliyoandikwa PZ2. Zote mbili zinaingia katika vichwa vyote viwili, lakini ile isiyo yake hukaa kwa kuyumba, na impakti humalizia uharibifu huo mara moja. Nunua kadhaa za kila aina, zilizotengenezwa kwa ajili ya impakti.

La mwisho kwako ni ukoo wa betri. Mashine ya kwanza unayoinunua inakufunga kwa miaka mingi, kwa sababu baadaye utataka msumeno au grinda isiyo na betri ili utumie zile ulizonazo, na bei ya betri mbili na chaja huwa sehemu kubwa ya bei ya seti nzima. Usiridhike kwa kuona jina la kampuni na volti kufanana. Betri za Bosch za volti 18 za bluu haziingii katika mashine za kijani za kampuni hiyo hiyo, na za Makita za mfululizo wa LXT haziingiliani na za mfululizo wa G, ingawa zote ni za volti 18. Uliza pia kama duka linauza betri peke yake na kama lina vipuri vya swichi, maana swichi ni miongoni mwa vitu vinavyokufa mapema. Kisha jaribu mashine yenyewe: funga biti iliyonyooka, izungushe polepole na utazame ncha yake kama inachora duara, bonyeza kidogo uone kama inaanza taratibu, achilia uone kama inasimama papo hapo. Zile zinazokataa mwendo wa polepole ziache dukani.

SWALI: Naishi Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba yenye kuta nene za mawe ya matumbawe. Nataka kutundika mapazia na rafu mbili. Kaka yangu ameniazima impakti peke yake, akisema kwamba kwa kuwa inagonga, itatoboa ukuta. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yetu, kaka yako amekutakia mema, lakini impakti inagonga kwa upande wa mzunguko. Ukuta unataka pigo la kwenda mbele, ambalo linatolewa na drili yenye alama ya nyundo kwenye pete yake. Hata hivyo, jiwe la matumbawe na lipu ya chokaa ni laini, na kwa hiyo utaanza kwa drili bila kuwasha nyundo, ukitumia biti ya ukuta yenye ncha ngumu ya milimita 6, ili tundu lisivunjike kingo na kuwa pana kuliko plagi ya plastiki. Tazama unga unaotoka. Mweupe ni jiwe au chokaa. Wa kahawia, wenye nyuzinyuzi, ni mbao, na juu ya madirisha ya nyumba za zamani mara nyingi kuna boriti au mbao zinazobeba ukuta, ambamo skrubu inaingia bila plagi. Kama nyumba iliongezewa linta ya zege, hapo drili ndogo ya betri itakuchosha wewe na mashine. Azima rotari, yaani drili nzito ya kutobolea zege, kwa matundu hayo machache. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, kwa kuwa waya hupita hapo.

SWALI: Nafanya kazi Muscat na nataka kumpelekea mdogo wangu wa Tanga seti ya volti 18 nikija likizo. Je, nitaruhusiwa kupanda nayo ndege, na chaja ya huku itafanya kazi nyumbani?

JIBU: Chaja haina tatizo, kwa sababu Oman na Tanzania zote zina umeme wa volti 230 hadi 240 wenye mizunguko 50, na plagi za pini tatu bapa. Tatizo lingekuwepo kama ungeinunua Marekani, ambako chaja nyingi za mashine hizi ni za volti 120.

Kwa upande wa ndege, zitenganishe. Mashine na biti ziende kwenye begi la mizigo, zikiwa hazina betri. Betri za akiba haziruhusiwi katika begi hilo, hivyo zibebe mkononi, ukiwa umefunika vituo vyake vya chuma kwa utepe au umetia kila moja katika mfuko wake. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hupita bila kibali, na kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, ya ampea-saa 5 ina 90. Ya ampea-saa 6 ina 108, na hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege kabla hujafika uwanjani. Uliza pia dukani kama dhamana inakubaliwa nje ya Oman.

Mwambie mdogo wako asiziache betri ndani ya gari au chini ya bati jua linapokuwa kali, na kama hatazitumia kwa wiki kadhaa aziweke zikiwa na nusu ya chaji. Betri iliyotoka kwenye kazi nzito ipumzike kwanza kivulini kabla ya kuwekwa kwenye chaja. Chaja nyingi nzuri hupima joto na hukataa kuanza hadi betri ipoe, na zikiwa katika hali hiyo humulika taa ya tahadhari. Akiiona asifikiri kwamba betri imekufa, bali asubiri.