Barolo kuwa na rangi hafifu na ukakasi: si feki, ndivyo ilivyo

Mkuu, umesema Barolo yako ya 2019, ule mvinyo mwekundu wa Italia, imepauka hadi unaona vidole upande wa pili wa glasi, tena inakausha mdomo, na sasa unahofia umeuziwa feki. Ingekuwa nyeusi tii na laini, hapo ndipo ningeshtuka.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu aina moja tu, Nebbiolo, asilimia 100, kutoka vijiji 11 vya vilima vya Langhe, kusini-magharibi mwa mji wa Alba, mkoa wa Piemonte. Rangi iliyomo kwenye maganda ya Nebbiolo haivumilii hewa. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: ukingoni utaona rangi ya tofali, hata kama mvinyo bado mchanga. Tanini ni jambo jingine kabisa. Ndiyo inayokaza ulimi kama umetafuna bibo la korosho, na Nebbiolo imejaa tanini, pamoja na uchachu mkali. Harufu ndiyo inayowafanya watu waivumilie: waridi lililokauka, cheri, na kwa mbali lami.

Mzabibu wenyewe ni msumbufu. Unachipua mapema na kuiva mwisho, mara nyingi Oktoba, ukungu ukiwa umeanza kutanda mabondeni. Kwa hiyo hupewa miteremko inayopata jua, na sheria hairuhusu inayotazama kaskazini. Macho ya chini ya tawi hayazai vizuri, hivyo ukipogoa fupi umepoteza mavuno. Lazima uache tawi refu. Na kisheria mwisho wa mavuno ni tani 8 za zabibu kwa hekta.

Angalia lebo inataja kijiji gani. La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, upande wa magharibi, udongo ni mfinyanzi wenye chokaa na mvinyo hulainika mapema. Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba kuna mawe ya mchanga zaidi, na chupa za huko hutaka miaka mingi. Mkono wa mtengenezaji nao una nguvu. Wa jadi huacha maganda ndani ya mvinyo siku 30 au hata zaidi, kisha mapipa makubwa ya mwaloni. Kuanzia miaka ya 1980 wengine walipunguza siku na kutumia mapipa ya lita 225. Ukinusa vanila, imetoka huko. Kwa vyovyote, sheria inadai miezi 38 kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Ile inayoandikwa Riserva, yaani iliyokomazwa zaidi, ni miezi 62.

Kuhusu ufeki, kagua shingo ya chupa: lazima kuwe na kile kikaratasi cha serikali chenye namba, na kilevi kwenye lebo kisipungue asilimia 13.

Sasa namna ya kuinywa. Isimamishe siku nzima ili mashapo yashuke. Ifungue, imimine polepole kwenye jagi la kioo, uache saa 2 au 3. Iliyozeeka miaka 20 na kuendelea usiiache hivyo, harufu itakuponyoka. Inywe ikiwa nyuzi 16 hadi 18. Kama uko pwani na chumba kina nyuzi 30, itie kwenye ndoo ya maji na barafu kama dakika 15, maana ikiwa ya moto kilevi kinachoma na harufu inapotea. Ikiwa baridi ya friji pia ni kosa, kwani ukakasi unazidi. Kula nayo nyama ya ng'ombe yenye mafuta iliyopikwa polepole, kwa sababu protini hushikana na tanini badala ya ulimi wako. Pilipili iweke mbali.

Ila ukisikia harufu ya boksi lililoloa, hiyo ni kasoro ya kizibo. Jagi halitaiponya; irudishe dukani.