Mlipie Fundi Wako Kozi, Hata Kama Ataondoka

Juzi kaka mmoja wa Mbeya ameniandikia: "Dada, nina vijana wanne kwenye karakana yangu ya aluminiamu. Mmoja anaomba nimlipie kozi. Nikimlipia, si ataondoka akafungue ya kwake?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu mbele ya wote.

Ndiyo, anaweza kuondoka. Mimi yamenikuta. Fundi wangu bora wa makabati, niliyemlipia ada chuo cha ufundi stadi cha VETA, Chang'ombe, na nauli juu yake, alifunga kazi Ijumaa kama kawaida, Jumatatu nikasikia yuko karakana nyingine hapahapa Keko, Dar es Salaam. Hakuniaga. Na mteja wangu mmoja mkubwa akamfuata. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Lakini nikishika daftari la hesabu, sioni hasara.

Kijana yule alikuja kwangu akiwa na mikono mizuri, ufundi alirithi kwa mjomba wake. Tatizo, plaiwudi alikuwa anaikata kwa macho. Anachukua plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4, anatoa ubavu wa kabati, kinachobaki hakitoshi mlango, anafungua nyingine. Kona ya karakana ilijaa vipande visivyo na kazi, na vyote nilivilipia mimi. Aliporudi kutoka kwenye kozi alikuwa anaandika kwanza orodha ya vipande vyote, anavipanga kwenye karatasi ili aone vitakavyokaa, na anahesabu hata upana wa mkato wa msumeno, milimita 3 hivi kila unapopita. Kabati lililokuwa likila plaiwudi tano likaanza kutoka kwenye nne. Yeye ameondoka, ile orodha imebaki. Leo kwangu hakuna anayewasha msumeno kabla hajaiandika.

Kuna na suala la unyevu. Mbao ikiingia kazini mbichi, mlango utapinda ukiwa tayari nyumbani kwa mteja, na kazi ya kurudia hakuna anayekulipa. Fundi aliyesoma anauliza mbao imekaushwa vipi. Tulinunua kipimo cha unyevu, na samani za ndani hatuanzi mpaka kisome asilimia 12 hadi 14. Mwaka huu tumepewa makabati ya hoteli nzima, na mwenye hoteli kabla ya kusaini aliomba vyeti vya mafundi. Nilimwekea mezani. Siku ile nilijisikia mkubwa, nasema wazi.

Sasa ndugu zangu wenye biashara ndogo, tuacheni uchoyo wa ujuzi. Unamwogopa fundi atakayeondoka akiwa anajua, humwogopi atakayebaki miaka kumi akikuharibia mali? Usiseme kozi ni za viwanda vikubwa. VETA wana kozi fupi, na wana urasimishaji ujuzi kwa fundi aliyejifunzia kazini: wanampima, wanamwelekeza pale anapopungua, anapata cheti. Na kama una wafanyakazi 10 au zaidi, sheria inakutaka ulipe tozo ya ufundi stadi, SDL, ambayo sehemu yake inakwenda VETA. Unachangia shule, halafu wako humpeleki!

Jambo moja nawasisitiza, maana ndipo wengi wanapowapoteza watu. Fundi akirudi na cheti ukamlipa mshahara uleule wa zamani, umemfukuza mwenyewe. Fundi wangu mwingine, niliyemwongeza, yupo hadi leo.

Kaka wa Mbeya, mlipie. Andikianeni makubaliano ya muda atakaokaa baada ya kozi, mwongeze anaporudi, na kila Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, awafundishe wale watatu alichojifunza. Na wewe simama hapohapo usikilize.