Maswali ya Wasomaji: Uloto wa Mtu Mwingine

*Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobeli kwa kupandikiza uloto alianza na wagonjwa ambao wote walifariki. Iliwezekanaje akatuzwa kwa kazi iliyoanza vibaya namna hiyo? Tena, upasuaji wenyewe hufanyika katika mfupa upi? – Msomaji, Iringa*

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi: kwa mgonjwa hakuna mfupa unaopasuliwa. Mtoaji hulazwa usingizi na kuvutwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwa sindano katika mfupa wa nyonga, au huchomwa dawa kwa siku chache ili seli shina, yaani zile zinazozaa seli za damu, zitoke mifupani na kuvunwa katika damu yake kwa mashine. Mgonjwa huzipokea kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu, nazo hujipenyeza zenyewe hadi ndani ya mifupa. Kazi ngumu hutangulia, pale anapopewa dawa kali, na pengine mionzi, ili kuuangamiza uloto wenye saratani na kuidhoofisha kinga yake isije ikawakataa wageni.

Mtafiti uliyesoma habari zake ni E. Donnall Thomas, mzaliwa wa Texas, aliyetuzwa mwaka 1990 pamoja na Joseph Murray wa upandikizaji wa figo. Ni kweli kwamba mwaka 1957, akiwa Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York, alichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliopewa uloto wa watu wengine, na hakuna aliyepona. Watafiti wengi waliokuwa wakijaribu jambo hilo walikata tamaa katika miaka iliyofuata. Thomas alirudi kwenye majaribio ya mbwa, akahamia Seattle mwaka 1963, na huko akaendelea na kikosi chake pamoja na mkewe Dottie, aliyekuwa amesomea uandishi wa habari kabla ya kugeukia maabara, na ambaye jicho lake la uhariri lilipitia maandishi mengi ya mumewe.

Tatizo lilikuwa na pande mbili: mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uloto mpya, lakini pia uloto mpya, ambao huja na kinga yake wenyewe, unaweza kuuona mwili mzima wa mgonjwa kuwa adui na kuushambulia, hasa ngozi, ini na utumbo. Mfaransa Jean Dausset alikuwa amegundua mwaka 1958 alama za seli ambazo kwazo kinga hutofautisha wa nyumbani na wa nje. Mbwa wa Seattle walionyesha kwamba ndugu waliolingana alama hizo, wakipewa na dawa ya methotreksati ya kutuliza kinga, waliweza kuishi muda mrefu. Mwaka 1969 kikosi hicho kilianza kuwapandikiza wagonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, uloto wa ndugu waliolingana nao, na mwaka 1977 kikatoa taarifa ya wagonjwa 100, ambao 13 kati yao walikuwa hai bila ugonjwa. Idadi hiyo ni ndogo, lakini hao walikuwa watu walioshindikana kwa kila tiba, na kwa maoni yangu Nobeli ilianzia hapo hasa, kwani baada ya hapo ndipo madaktari walipothubutu kupandikiza mapema, kabla mgonjwa hajachoka, na matokeo yakawa mazuri zaidi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Waliopewa uloto wa pacha wao wa kufanana kabisa hawakupata mashambulizi yale, lakini saratani iliwarudia mara nyingi zaidi kuliko waliopewa uloto wa ndugu wa kawaida. Maana yake ni kwamba dawa na mionzi peke yake havimalizi kazi. Kinga ngeni huwinda seli za saratani zilizobaki. Ndiyo maana daktari akiidhibiti mno kinga hiyo ili kumwepusha mgonjwa na mateso, anaweza kuwa anaifungulia lukemia mlango, na mizani hiyo bado inawahangaisha watafiti hadi leo.

*Kaka yangu ana lukemia na anahitaji uloto. Kundi langu la damu ni O, lake ni A. Je, ndiyo basi siwezi kumtolea? – Dada mtu, Tanga*

Pole kwa kuuguliwa, dada. Tofauti ya makundi ya damu haikuzuii. Kinachopimwa kwanza ni zile alama nilizozitaja hapo juu, ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo uwezekano wako wa kulingana kikamilifu na kaka yako ni mmoja kati ya minne. Ukilingana naye, na seli zako zikishika, miezi kadhaa baadaye atakuwa akitengeneza damu ya kundi O kama wewe.