Shangazi, sindano ilisoma 62 nikaandika 60

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Mtwara. Msimu uliopita nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu. Siku ya kwanza katibu aliniambia nipunguze nusu kilo kwa kila gunia la korosho, "ya unyaufu". Baadaye ikawa kilo, mwisho kilo mbili. Makarani wenzangu wote walifanya hivyo. Siku moja akaja bibi jirani yetu na gunia moja tu. Sindano ilisimama kwenye 62, nikaandika 60. Aliniangalia, hakusema kitu, akachukua karatasi yake akaondoka. Tangu hapo nikimwona kwa mbali nabadili njia. Msimu unakaribia na nimeitwa tena. Je, mimi ni mwizi? Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye yale macho ya bibi.

Kwetu Kusini mtoto hufundishwa mapema kwamba mkubwa hajibizwi. Mimi mwenyewe nimechezwa unyago na nayaheshimu niliyofunzwa mle. Lakini somo yangu alinifunza kumtii anayenitakia mema, hakuniambia nimtii kila mwenye kalamu na muhuri.

Nikueleze jambo lililofanyika mbali na kwetu. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliita watu wa kawaida, akawaambia ni utafiti wa kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kumpiga shoti ya umeme mtu aliye chumba cha pili kila anapokosea jibu. Swichi zilikuwa 30, zikianzia volti 15 na kupanda kwa 15 hadi 450. Shoti zilikuwa za uongo na yule mtu alikuwa anaigiza, ila wao hawakujua. Kati ya wanaume 40 wa mwanzo, 26 walifika swichi ya mwisho, ingawa walimsikia akigonga ukuta, kisha kimya. Wala hawakufurahia. Walitokwa jasho, wakatetemeka, wakababaika kusema, na bado wakabonyeza, kwa sababu msimamizi aliyevaa koti la maabara aliwaambia waendelee. Aliyeuliza nani atabeba lawama alijibiwa kwamba ni juu ya msimamizi.

Sasa itazame nusu kilo yako. Katibu hakukuamuru kilo mbili siku ya kwanza. Alianza na kidogo, akakipa jina zuri. Unyaufu upo kweli, korosho hupungua uzito zikikauka, ndiyo maana neno lilikuingia. Na ukishaikubali nusu, kilo moja utaikataa kwa sababu gani? Ni swichi ya pili tu, mwanangu, kisha ya tatu.

Umeuliza kama wewe ni mwizi. Kilo za watu zimeliwa na mwandiko ni wako, hilo sitakufichia. Ila sioni moyo wa mwizi katika barua hii. Mwizi habadili njia kwa ajili ya kilo mbili za bibi.

Milgram alijaribu pia kumweka mhusika pamoja na wenzake wawili, waliopangwa wakatae katikati ya kazi. Safari hiyo watu 36 kati ya 40 waliacha kabla ya mwisho. Amri ilikuwa ileile na koti lilelile. Kilichobadilika ni kwamba waliona inawezekana kukataa.

Kwa hiyo mtafute karani mmoja kabla msimu haujafunguliwa. Usimwambie kwenye mizani, foleni imejaa na katibu amesimama mgongoni kwenu. Mfuate kwake jioni. Nina hakika naye halali vizuri. Kubalianeni maneno, myaseme kwa sauti mpaka ulimi uyazoee: "Shikamoo mzee. Mimi naandika ilivyosoma sindano. Kama kuna makato, naomba uyaandike wewe na usaini." Heshima yake hujaivunja, umemrudishia mzigo wake tu. Na yaseme kwenye gunia la kwanza, kwenye nusu kilo. Ukingoja zifike mbili utakuwa umeshachelewa.

Akikasirika, yupo afisa ushirika wa wilaya. Ipo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, kupiga ni bure, na tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Kibarua unaweza kukikosa, najua kinavyotegemewa nyumbani. Hata hivyo, ukijiona huna ubavu wa kuandika 62, usirudi kwenye kiti kile.

Bado bibi. Yeye aliiona sindano. Chukua pesa ya kilo mbili kwa bei aliyolipwa msimu ule, nenda kwake alfajiri kabla hajatoka kwenda shamba, kaa naye mkekani umwambie mwenyewe. Ukifika, nisalimie.