Hii 49 imetoka wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu michezo ya kuigiza wahusika

Barua za Lubumbashi safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mhusika anapopanda ngazi, yaani anapoongezewa nguvu, nani anaona na nani anaandika.

Yaya, salamu. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons, sheria za toleo la tano za mwaka 2014, kila siku ya Yenga, yaani Jumapili. Mimi na rafiki yangu tuna wapiganaji wa ngazi ya 4. Wote wawili Ustahimilivu (uwezo wa mwili kuvumilia) ni 16, na wote tunachukua nambari ya kitabu badala ya kurusha dadu. Mimi nina pointi za uhai 40, yeye 49. Yeye anapandishia ngazi nyumbani kwake. Wenzetu wameanza kumwita mwizi. Nimuulizeje?
*Msomaji, Katuba*

Mdogo wetu, kabla ya neno "mwizi" chukua biki. Mpiganaji anaanza na pointi za uhai 10. Ustahimilivu wa 16 unampa 3 juu yake, jumla 13. Kila ngazi inayofuata inamwongezea 6 ya kitabu na ile 3, yaani 9. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 4 amepanda mara tatu, kwa hiyo 13 na 27 ni 40. Wewe umepatia. Sasa weka 9 mara nne: 13 na 36 ni 49. Ndiyo nambari yake kabisa. Ameona "ngazi ya 4" akazidisha kwa 4, akasahau kwamba ngazi ya kwanza alikwisha kuihesabu.

Hakikisha tu karatasi yake ya mhusika haina kitu kingine kinachoongeza uhai. Mhusika aliye kibete wa vilimani anapata 1 kwa kila ngazi, na kipaji cha ukakamavu kinatoa 2 kwa kila ngazi. Hiyo ingekuwa 4 au 8, au 12 kwa pamoja. Tisa haitoki humo.

Kuna kosa jingine linalogombanisha watu wasio na hatia. Mtu mwenye Ustahimilivu 15 akiupandisha kuwa 16 kwenye ngazi ya 4, nyongeza yake inatoka 2 kwenda 3, na inahesabika hadi ngazi ya kwanza. Anapaswa kuongeza 4 kwa pamoja. Wengi wanaongeza 1, basi karatasi mbili za watu waaminifu zinapishana kwa 3.

Mngekuwa mnarusha dadu, kazi ingekuwa ngumu zaidi. Mpiganaji kama wenu angeweza kufika 52, lakini hapo dadu ya pande kumi lazima itoe 10 mara tatu mfululizo, bahati moja katika elfu. Akija na 52 kutoka chumbani kwake, huwezi kumshtaki na huwezi kumwamini. Ndiyo maana sisi tunakataa kabisa kupandisha ngazi nyumbani, hata kwa mtu mwaminifu kuliko wote. Unamnyima shahidi.

Fanyeni hivi. Kabla ya kikao, tengeni dakika 15. Mmoja mmoja anapanda, dadu inaangukia katikati ya meza, na anayeandika ni jirani wa kushoto, si mwenye mhusika. Nyuma ya karatasi pigeni mistari ya tarehe, ngazi, dadu ilitoa ngapi, na jumla mpya. Huko nyuma andikeni kwa biki. Mbele tumieni penseli, kwa sababu pointi za uhai zinafutwa kila pambano, na karatasi ya fotokopi hupasuka haraka mahali pale pale. Kikao kikiisha, piga picha pande zote mbili kwa simu.

Na usimuulize yeye peke yake. Sema, "Leo tunahesabu upya, sote," na uanze na karatasi yako. Kosa likionekana, linasahihishwa kuanzia siku hiyo. Mapambano yaliyopita yaacheni yalivyo.

Sisi nasi tunacheza Dungeons & Dragons hiyo hiyo. Kiongozi wetu wa mchezo anagawa pointi za uzoefu kwa "anayeigiza vizuri". Rafiki yake mmoja yuko ngazi ya 5. Mimi niko ya 3, kwa sababu nilikosa vikao viwili, nilikuwa sokoni. Sasa nakufa kila mara. Ni haki?
*Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Hapana. Tena haki ni nusu tu ya ubaya. Nusu nyingine ni hesabu. Ngazi ya 3 inafikiwa kwa pointi 900, ya 4 kwa 2,700, ya 5 kwa 6,500. Kwenye ya 5 mpiganaji anaanza kushambulia mara mbili na mchawi anaweza kupata mpira wa moto unaokata uhai wa adui kwa dadu 8 za pande sita, wastani wa 28. Mchawi wa ngazi ya 3 mwenye Ustahimilivu 12 ana uhai 17. Kiongozi akimpangia rafiki yake adui wa kumtosha, wewe uko chini kabla hujafungua kinywa.

Toleo la kwanza kabisa la mchezo huu, lililotoka mwaka 1974, nalo halikuwapandisha wote sawa. Katika sheria zilizofuata miaka ya 1980 mwanzoni, mwizi alifika ngazi ya 2 kwa pointi 1,200, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500, na sarafu moja ya dhahabu iliyoletwa nyumbani ilikuwa pointi moja. Lakini tofauti hiyo ilikuwa kitabuni, kila mtu ameisoma kabla ya kuchagua. Yenu iko kinywani mwa mtu mmoja.

Mwombeni pointi sawa kwa wote, aliyekuja na asiyekuja. Soko si kosa la mhusika wako. Akipenda kuacha pointi na kupandisha kwa hatua za hadithi, sawa, ila hatua itajwe mapema: "Mkifikisha misalaba ya shaba Kipushi, wote mnapanda." Isipotajwa, ni upendeleo ule ule umebadilisha shati.

Kwetu tunacheza Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa kuigiza, wa hadithi za kutisha. Wachezaji wanatumia kila ujuzi ovyo ili tu waweke alama ya kuupandisha. Mmoja alipanda mti bila sababu!
*Kiongozi wa mchezo, Kamalondo*

Alama haiji kwa kurusha dadu ovyo. Wewe ndiye unayeamua kama kuna la kurushia. Mti usio na kitu juu yake, mwambie, "Umepanda. Umeshuka." Basi. Ujuzi mmoja unapata alama moja tu hata ukifanikiwa mara tano, na aliyefanikiwa kwa msaada wa dadu ya nyongeza hapati.

Halafu waonyeshe kwamba sheria yenyewe ina breki. Wakati wa kupandisha, dadu ya mia inapaswa kuzidi ujuzi ulio nao, ndipo uongeze dadu moja ya pande kumi. Mwenye 40 anafaulu mara 60 katika mia. Mwenye 80, mara 20 hivi.

Hatuna dadu ya pande ishirini. Simu tunaogopa mtu ataichezea.
*Wasomaji, Ruashi*

Kateni vikaratasi 20 vya ukubwa mmoja kutoka kaye moja, muandike 1 hadi 20, muvikunje sawasawa na kuvitia kwenye kikombe kisichoonyesha ndani. Karibu mwaka 1979 wachapishaji wenyewe wa Dungeons & Dragons waliishiwa dadu, wakaweka vipande vya kadibodi ndani ya boksi. Kosa la kawaida ni kutorudisha kikaratasi kabla ya mwingine kuchota: 20 ikishatoka inakuwa haipo tena, na wa mwisho anabaki na vidogo. Rudisha, tikisa, ndipo upitishe kikombe. Kikaratasi kikichafuka au kikikunjika kona, badilisha vyote 20, kwa sababu vidole vinakitambua.