Nyota za Kilimia: ndugu wa tumbo moja

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama nyota za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota angani, ziko pamoja kweli, au ni macho yetu tu yanayozikusanya. Nimelala na swali lako, maana hata mimi liliwahi kunisumbua.

Ziko pamoja. Ni ndugu wa tumbo moja, zilizaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi miaka milioni 100 hivi iliyopita, dinosauri wakiwa bado wanatembea duniani. Idadi yake imepita 1,000, ingawa jicho tupu huambulia sita au saba. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, alipozielekezea darubini alichora 36, akazichapisha mwaka 1610.

Lakini shaka yako si ya bure. Itazame Aldebaran, ile nyota angavu yenye wekundu iliyo jirani na Kilimia. Utaikuta imekaa ndani ya kundi jingine lenye umbo la herufi V, na ungeapa ni mwenzao. Kumbe iko umbali wa miaka ya nuru 65 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kundi lenyewe liko nyuma yake kabisa, kwenye 150. Hapo macho yanadanganya.

Kuhusu Kilimia, John Michell, kasisi na mwanasayansi wa Uingereza, alipiga hesabu mwaka 1767. Akaona kwamba nyota zake sita angavu kusongamana vile kwa bahati tu ni nafasi moja katika 500,000 hivi. Umbali wake hakuweza kuupima. Alikuwa na kalamu na akili yake, na hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa zote zinakwenda upande mmoja kwa mwendo mmoja, kama ndege walioruka pamoja. Ziko miaka ya nuru 440 hivi kutoka kwetu, kwa hiyo nuru utakayoiona leo iliondoka huko Galileo akiwa kijana.

Kinachozishikanisha ni mvutano wao wenyewe, nao ni hafifu. Baada ya miaka milioni 250 hivi zitakuwa zimetawanyika. Hata Jua letu, wataalamu wengi wanaamini, lilizaliwa kundini vivyo hivyo, na ndugu zake wakapotelea mbali.

Usiku usio na mbalamwezi, usizikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo tu, utaona zinaongezeka, kwa sababu pembeni mwa jicho hunasa mwanga hafifu kuliko katikati. Kisha niandikie umehesabu ngapi.

Mama yako akupendaye.